Jicho limeingia ukungu na unatumia ARV: hatua za kufuata kabla hujanunua dawa ya matone

Kama unaishi na VVU na jicho moja, au yote mawili, yameanza kuona ukungu, usianzie farmasi wala kwa muuza miwani. Anzia kwenye damu. Kuna ugonjwa unaoweza kumpofusha mtu kwa muda mfupi, unaotibika kwa dawa ya zamani, na ambao mara nyingi hakuna anayeufikiria: kaswende, ambayo hapa Bukavu wengi tunaiita sifilisi.

Kinachoniuma katika kazi hii ya kuhudumia watu wa ARV ni kumwona mtu ambaye hakosi vidonge vyake, virusi vyake vimelala kabisa, halafu anapoteza jicho kwa sababu miezi imeishia kwenye chupa za matone. Aliambiwa ni vumbi. Aliambiwa ni uzee. Akaambiwa pia ni dawa zenyewe za ARV, akaziacha. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, kwa ndugu yake anayemsindikiza, na kwa muuguzi wa kituo kidogo cha Kadutu, Bagira au Ibanda anayepokea swali la jicho bila daktari wa macho karibu.

Kaswende inafikaje jichoni

Kidudu cha kaswende, Treponema pallidum, kilitambuliwa mwaka 1905 na Wajerumani wawili, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Hakikai pale kilipoingilia. Kikishapenya kwenye ngozi laini ya sehemu za siri, ya mdomo au ya njia ya haja kubwa, kinaingia kwenye damu na kutembea mwili mzima, ubongo na macho yakiwemo. Kidonda cha kwanza hutokea kama wiki tatu baadaye. Hakiumi, na hupona chenyewe. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani, kwenye mlango wa kizazi, asikione kamwe. Baada ya hapo huja upele, mara nyingi mpaka kwenye viganja na nyayo, nao huondoka bila dawa. Kisha kimya, pengine kwa miaka.

Wengi wanaamini kwamba macho huguswa mwishoni kabisa, mtu akishazeeka na ugonjwa. Sivyo. Jicho linaweza kushambuliwa katika hatua yoyote, hata miezi ya kwanza. Kwa hiyo usijibu "sijawahi kuwa na kidonda" ukafikiri umemaliza mjadala. Wengi wa wanaokutwa na kaswende ya macho hawakumbuki kidonda chochote.

VVU inaongeza uzito kwa njia mbili. Magonjwa haya yanapita njia moja, na kidonda cha kaswende kinafungulia virusi mlango. Halafu kinga ikiwa chini, kidudu kinapata nafasi zaidi ya kukaa kwenye ubongo na jicho. Kaswende nayo inajibu: inaweza kupandisha wingi wa virusi na kushusha CD4, zile chembe za kinga, kwa muda. Mwaka 2015 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa tahadhari kwa madaktari baada ya kesi 12 za kaswende ya macho kuripotiwa Seattle na San Francisco kati ya Desemba 2014 na Machi 2015. Wengi wao walikuwa wanaume wenye VVU wanaojamiiana na wanaume, na baadhi ya wagonjwa waliishia upofu. Usisome habari hiyo ukasema hayo ni mambo ya huko. Kidudu hakichagui, mama wa watoto watano anayeuza unga sokoni yuko kwenye hatari ileile kama mume wake anacho.

Jambo moja la mwili tulishike vizuri, maana litaamua sindano gani utapigwa: retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na neva inayopeleka picha hiyo kichwani, vyote ni sehemu ya ubongo. Kaswende ya jicho inatibiwa kama kaswende ya ubongo.

Hatua ya kwanza: pima kila jicho peke yake, leo

Macho mawili yanasaidiana. Moja likififia, lingine linabeba mzigo, na unaweza kukaa muda mrefu bila kujua. Fanya hivi nyumbani. Tundika ukutani kalenda yenye tarakimu kubwa. Rudi nyuma hatua nne, mahali penye mwanga wa dirisha. Kama una miwani, ivae. Funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, maana jicho lililobonyezwa litaona vibaya kwa dakika kadhaa na kukudanganya. Soma tarehe zote za mstari mmoja. Badilisha jicho, soma mstari mwingine.

Bado umefunika jicho moja, tazama ukingo wa mlango. Umenyooka, au kuna mahali unapinda? Kisha chukua kitu chekundu, kizibo cha chupa kinatosha, ukiangalie kwa jicho moja halafu kwa jingine. Kama upande mmoja wekundu umepauka, neva ya jicho hilo inaweza kuwa na shida. Andika ulichoona na tarehe. Karatasi hiyo utaipeleka.

Dalili nyingine za kutafuta: wekundu unaozunguka mboni, maumivu ya ndani, mwanga kuchoma, machozi, vidoa vyeusi vinavyoelea mbele ya macho, vimulimuli vinavyowaka pembeni hata gizani, au sehemu ya picha iliyofutika. Lakini ugonjwa unaweza kukaa nyuma kabisa ya jicho, na hapo jicho halitakuwa jekundu wala halitauma. Mtu anakutazama na macho meupe safi, naye hasomi ujumbe kwenye simu yake. Wauguzi wenzangu, tusimrudishe nyumbani mtu huyo kwa sababu jicho lake linaonekana zuri.

Usisubiri kesho kama uwezo wa kuona umepotea ghafla, kama pazia limeshuka upande mmoja, kama jicho linauma sana, au kama ukungu umekuja pamoja na kichwa kikali, shingo ngumu, kuchanganyikiwa, degedege, uso kupinda au mkono kulegea. Sikio lililoanza kuvuma au kuziba wakati uleule nalo ni la kutaja, kwani kaswende inashambulia masikio kwa njia hiyohiyo. Malengelenge kwenye paji la uso na kope upande mmoja yanaelekea mkanda wa jeshi. Hiyo ni dharura nyingine ya jicho, na mtu mwenye VVU anaipata zaidi.

Hatua ya pili: mikono mbali na chupa

Chupa ndogo ya matone inapatikana farmasi yoyote bila karatasi ya daktari, na ndiyo sababu inaniogopesha. Matone yenye deksametazoni au dawa nyingine ya jamii hiyo (steroidi) yanapunguza wekundu na maumivu. Mtu anafurahi, anasema amepona. Ndani ya jicho kidudu kinaendelea na kazi yake. Na ikiwa tatizo lilikuwa kidonda cha virusi vya herpes kwenye kioo cha jicho, matone hayo yanaweza kukichimba mpaka kioo kitoboke. Daktari wa macho huzitumia dawa hizo, hata kwa kaswende, lakini baada ya kuangalia ndani na pamoja na dawa inayoua kidudu.

Pomade (mafuta ya jicho) ya tetrasiklini, matone ya kloramfenikoli, vidonge vya siprofloksasini: hakuna hata kimoja kitakachoponya kaswende ya jicho. Kotrimoksazoli unayomeza kila siku kwa ajili ya kinga haikukingi na kaswende. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, hivyo navyo viacheni. Najua vinatolewa kwa upendo na shangazi au bibi, lakini vinaingiza vijidudu vingine jichoni.

Na ARV usiziache. Hata siku moja.

Hatua ya tatu: nenda kwenye kituo chako cha ARV, na useme maneno haya

Kituo unachochukulia dawa kina fishi yako, yaani kadi yako ya matibabu, kinajua CD4 yako ya mwisho na wingi wa virusi, ile tunaita shaji virali. Anzia hapo, siku hiyohiyo, hata kama si tarehe yako ya kuchukua dawa. Beba mambo haya kwenye mfuko mmoja: fishi, vidonge vyote unavyomeza, kila chupa uliyokwisha tia jichoni hata ikiwa tupu, miwani, na ile karatasi ya kalenda. Kama unatibiwa kifua kikuu, sema mapema. Etambutoli inaweza kuharibu neva ya jicho na kuvuruga rangi, na daktari atataka kujua unaimeza tangu lini.

Watu wengi wanaona haya kutamka. Mazungumzo yenyewe si marefu:

"Muganga, jicho langu la kulia linaona ukungu tangu wiki iliyopita. Natumia ARV. Naomba nipimwe damu ya sifilisi na nitumwe kwa daktari wa macho."

"Mama, nani amekuambia una sifilisi?"

"Hakuna aliyeniambia. Nataka tujue kama iko au haiko, kabla jicho halijaharibika."

Basi. Hukulazimika kueleza ulilala na nani. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na VVU hapa Kongo, na siri yako ni mojawapo. Kuna dada na mama kati yetu walioambukizwa kwa kubakwa, na swali la kaswende linawarudisha pale. Mkiweza, mwambieni muuguzi mmoja mnayemwamini, faraghani. Hakuna sehemu ya matibabu inayodai muelezee ukumbi mzima. Na kwa yeyote aliyebakwa sasa hivi: dawa ya kuzuia VVU inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kwisha. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inapokea watu hao.

Daktari wa macho hayuko katika kila zone ya afya. Utaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya mji. Anayetoka Idjwi, Kalehe au Walungu asikubali kuanza safari mikono mitupu: damu ya kaswende ichukuliwe kwenu kwanza ikiwezekana, jibu lisafiri naye. Siku za kungojea boti au gari ni siku za jicho.

Nenda na mtu. Daktari ataweka matone ya kufungua mboni ili aone nyuma, na baada ya hapo utaona vibaya kwa saa kadhaa na jua litakuchoma. Kuteremka njia za udongo za Kadutu mvua ikiwa imenyesha, macho yakiwa hivyo, peke yako, ni kujitafutia kuvunjika mguu. Vaa kofia, shikwa mkono, au panda moto (pikipiki) mkiwa na ndugu yako nyuma.

Hatua ya nne: soma majibu ya labo mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotelea, wagonjwa na sisi wahudumu.

Kuna aina mbili za vipimo vya damu. Aina ya kwanza inatafuta askari ambao mwili umeunda dhidi ya kidudu chenyewe: kile kipimo cha haraka cha tone la kidole, na TPHA. Kikishakuwa chanya, kwa watu wengi kinabaki chanya maisha yote, hata baada ya kupona. Kwa hiyo kipimo cha kidole chanya kinasema "kaswende imewahi kupita hapa". Hakisemi ni lini. Angalizo dogo: vile vipimo vya pamoja vya VVU na kaswende wanavyotumia kwa wajawazito havifai kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye ARV. Wewe utumie cha kaswende peke yake.

Aina ya pili ni RPR au VDRL. Hiki kina namba, na namba ndiyo inayosimulia ugonjwa unaendaje. Labo inachukua maji ya damu yako na kuyapunguza nguvu kwa nusu, tena nusu, tena nusu: 1/2, 1/4, 1/8, 1/16, 1/32, 1/64. Wanaandika ngazi ya mwisho ambayo bado ilijibu. Aliye na 1/64 ana majibu makali kuliko aliye na 1/4, ingawa macho yakiona "64 chini ya mstari" yanaweza kusoma kinyume. Kushuka kwa ngazi mbili, kwa mfano kutoka 1/32 hadi 1/8, ndiko tunakoita kupona kwa damu. Ngazi moja peke yake haina maana kubwa. Inaweza kuwa tofauti ya kipimo tu. Na kipimo kifanyike labo ileile, kwa njia ileile, maana namba ya RPR na ya VDRL hazilinganishwi. Kama karatasi imeandikwa "chanya" bila namba, omba namba.

Sasa mitego. Wa kwanza: damu yenye askari wengi kupita kiasi inaweza kukifanya RPR kisijibu, kikaandikwa hasi. Hutokea zaidi kwa watu wenye VVU. Labo ikiombwa kuipunguza nguvu damu hiyo na kurudia, jibu linatokea. Kwa hiyo jicho likiwa na dalili zote na RPR ikawa hasi, tabibu aandike kwenye karatasi ya labo: "rudieni kwa kupunguza". Sentensi hiyo haina gharama, na imeokoa macho ya watu. Wa pili: kwa kaswende ya zamani RPR inaweza kufifia mpaka hasi wakati TPHA ni chanya. Jicho lenye uvimbe pamoja na TPHA chanya, na hakuna ushahidi wa matibabu yaliyotosha, madaktari wengi watatibu.

Kisha swali la kuchomwa mgongo. Watu wanaliogopa kwa sababu wamesikia kwamba aliyechomwa alipooza au alikufa; mara nyingi aliletwa akiwa tayari na homa kali ya uti wa mgongo. Sindano inaingia chini ya mahali ambapo uti wa mgongo umeishia, na maji yanayotoka ni kidogo. Inahitajika kama kuna dalili za kichwa au za neva, na kwa mtu mwenye CD4 ya chini ni nafasi ya kutafuta pia kriptokoka, kuvu wanaoshambulia ubongo, na kifua kikuu. Lakini kama shida ni ya macho pekee, daktari wa macho amethibitisha uvimbe, na damu ni chanya, mwongozo wa CDC wa mwaka 2021 unasema matibabu yaanze bila kungoja maji ya mgongo. Maji hayo yakiwa safi hayaondoi kaswende ya jicho. Wagonjwa wengi wa macho wanakutwa nayo safi.

Hatua ya tano: sindano sahihi, siku zote

Tangu daktari Mmarekani John Mahoney na wenzake walipowatibu wagonjwa wa kaswende kwa penisilini mwaka 1943, kidudu hiki hakijajifunza kuikwepa. Ni zawadi kubwa. Lakini penisilini zina sura zaidi ya moja, na makosa mengi yako hapo.

Ile sindano nzito ya matakoni, benzathini penisilini uniti milioni 2.4, ndiyo dawa ya kaswende ya mwanzo. Inayeyuka polepole na kukaa kwenye damu wiki kadhaa kwa kiwango kidogo, ambacho hakifiki vya kutosha ndani ya jicho wala ubongo. Ukipigwa hiyo moja kwa ajili ya jicho na kuambiwa "umemaliza", uliza tena kwa heshima: "Hii inatosha kwa jicho, au nahitaji ile ya mshipani?"

Ya jicho ni hii: penisilini G ya mshipani, uniti milioni 3 hadi 4 kila baada ya saa 4, yaani milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Pale isipowezekana, kuna prokaini penisilini milioni 2.4 ya msuli mara moja kwa siku pamoja na vidonge vya probenesidi miligramu 500 mara nne kwa siku, muda uleule. Na seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwa siku, siku 10 hadi 14, ambayo huku kwetu mara nyingi ndiyo iliyopo kabatini. Daktari akiichagua kwa kukosa ile nyingine, si kukudharau. Matibabu ya mshipani yakiisha, anaweza kuongeza benzathini mara moja kwa wiki, wiki 1 hadi 3.

Jiandae kulala hospitali. Panga mapema nani atakaa na watoto, nani ataleta chakula, duka litafungwa au litashikwa na nani. Mtu anayekimbia siku ya 6 kwa sababu ukungu umepungua amejinyima dawa mahali pagumu kuliko pote.

Omba karatasi nyeupe uibandike juu ya kitanda, uchore saa sita za dozi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku, saa 8 usiku. Kila dozi ikiingia, mtu atie alama. Ile ya saa 8 usiku ndiyo inayorukwa, wadi ikiwa na muuguzi mmoja na wagonjwa wengi. Ndugu anayekuuguza aweke kengele ya simu na aende kumwamsha muuguzi kwa upole. Mimi nimewahi kuamshwa hivyo na nilishukuru. Mshipa ukivimba na kuuma penye kanula, sema, ihamishwe.

Siku ya kwanza unaweza kupata homa, kutetemeka, kichwa na maumivu ya misuli ndani ya saa 24. Vidudu vinakufa kwa wingi na mwili unashtuka. Huisha wenyewe, kwa msaada wa parasetamoli. Wengi wanasema "penisilini imenikataa" na kung'oa serumu (dripu). Kukataliwa na dawa kunaonekana tofauti: vipele vinavyowasha mwili mzima, midomo au koo kuvimba, kupumua kwa shida. Hiyo piga kelele mara moja. Na kama penisilini iliwahi kukudhuru zamani, eleza ilikuwaje hasa; kuhara peke yake si sababu ya kuinyima macho yako. Kwa mjamzito hakuna dawa nyingine inayomlinda mtoto tumboni vya kutosha, kwa hiyo mwenye mzio huzoeshwa penisilini kidogo kidogo chini ya daktari.

Pamoja na sindano, daktari wa macho anaweza kukupa matone ya atropini kuzuia mboni isigande, na matone ya kupunguza uvimbe. Hapo ndipo matone yana nafasi yake.

Hatua ya sita: mwenzi wako

Hili ni gumu kuliko kuchomwa sindano, najua. Usipolifanya utaambukizwa tena, na jicho litarudi hospitali. Unaweza kuzungumza kaswende bila kugusa VVU kama hujawa tayari: "Baba Furaha, wamenikuta na ugonjwa wa damu unaoharibu macho. Unatibika. Wamesema na wewe upimwe, tusirudishiane." Usianze na swali la nani alimletea nani, kaswende inaweza kujificha miaka na jibu mara nyingi halipatikani. Kama unaogopa kipigo, mwambie muuguzi kabla hujarudi nyumbani. Tunaweza kumwita mwenzi kwa njia ambayo haikutaji.

Mwenzi asiye na dalili za macho wala neva hahitaji kulazwa. Kama mlilala pamoja katika siku 90 kabla ya wewe kugundulika na kaswende ya mwanzo, anapigwa benzathini milioni 2.4 hata kipimo chake kikiwa hasi, kwa kuwa damu inaweza kuchelewa kuonyesha. Kusiwe na tendo la ndoa mpaka wote wawili mmemaliza dawa.

Hatua ya saba: baada ya kutoka wadini

Kuona kunaanza kurudi ndani ya siku au wiki, na kwa aliyewahi mapema mara nyingi kunarudi vizuri. Neva ikishakauka hairudi, na hilo daktari akuambie wazi. Rudi kwa daktari wa macho kwa tarehe aliyoandika, hata ukiona safi: presha ya jicho, mtoto wa jicho na retina kubanduka vinaweza kufuata baada ya uvimbe. Na jicho lisipopata nafuu pamoja na dawa kamili, kuna majina mengine ya kuuliza: toksoplazma, kifua kikuu cha jicho, na kwa mwenye CD4 chini ya 50, virusi vya CMV. Aliyeanza ARV hivi karibuni anaweza pia kuvimba jicho kwa sababu kinga inaamka.

RPR inarudiwa mwezi wa 3, wa 6, wa 9, wa 12 na wa 24. Andika tarehe hizo nyuma ya fishi ya ARV siku unayotoka hospitali, uziunganishe na siku za kuchukua dawa ili usifunge safari mbili. Shaji virali nayo irudiwe. Namba ya RPR ikipanda ngazi mbili, ama umeambukizwa tena ama dawa haikutosha, na dalili zote za macho na kichwa zinaangaliwa upya. Baada ya hapo, pima kaswende angalau mara moja kwa mwaka, na kila miezi 3 hadi 6 kama una wapenzi zaidi ya mmoja au mwenzi wako anao. Mwambie tu muuguzi aitoe kwenye damu ileile anayochukua kwa ajili ya virusi.